Fedha Imfikie Mtoto Kabla Hajalikimbia Boma la Kwao

 

Ndugu msomaji, wanahistoria wa Kiislamu wa kale, akiwemo Ibn Saad, wamesimulia kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) ambacho kila mtunza hazina ya umma angepaswa kukijua. Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, wakapiga kambi penye uwanja wa kuswalia. Umar na Abdurrahman bin Awf wakakubaliana kuulinda usiku ule. Katikati ya usiku Umar akamsikia mtoto mchanga akilia. Akamwendea mama yake, akamsihi amtulize, akarudi mahali pake. Kilio kikaanza tena, akaenda tena. Usiku ulipokuwa unaelekea ukingoni akaenda kwa mara nyingine na kuuliza kwa nini mtoto huyu hatulii. Mama yule, asiyejua anasema na nani, akajibu kuwa anamwachisha ziwa kwa nguvu naye anakataa, kwa sababu Umar hatoi posho ya Hazina ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Mtoto alikuwa na miezi michache tu.

Umar aliswalisha Alfajiri akilia, hata watu wakawa hawatambui vema kisomo chake. Alipomaliza akajilaumu kwa ajili ya watoto wa Waislamu walioumia kwa sababu ya utaratibu wake. Kisha akaamuru ipigwe mbiu kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani posho itatolewa kwa kila mtoto tangu anapozaliwa. Akaandika agizo hilo kwa watawala wa majimbo yote.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida ili kuonyesha huruma ya Umar, na huruma ilikuwamo. Lakini kina somo jingine, nalo ndilo linalotuhusu leo. Posho ile haikuwa ndogo, wala haikuibwa na mtu. Ilitolewa kwa nia njema na ilifika. Kasoro ilikuwa katika saa yake. Iliwangoja watoto mbele ya njia, na mama maskini akamkokota mwanawe kuifuata. Fedha ya umma ina ulimi wake: pale inapowekwa ndipo inapowaita watu.

Nawaomba tuyachukue maneno haya hadi mkoani Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, tukatazame ni wapi fedha ya mtoto inapongojea.

Msimu unaojulikana

Tarime inapakana na Kenya, na mji wa Sirari umekaa mpakani kabisa. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, inapakana na hifadhi ya taifa iliyobeba jina hilohilo. Wakurya ndio wengi huko, wakiishi pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Ni watu wa mifugo na kilimo, wenye koo zenye heshima na mabaraza ya wazee wa mila. Kwa Wakurya baraza hilo huitwa inchama, na neno lake lina uzito ambao mtendaji wa kijiji hawezi kuushinda kwa barua.

Miongoni mwa mila zilizodumu huko ni ukeketaji wa mabinti. Hufanyika zaidi likizo ya mwisho wa mwaka, mwezi wa Novemba na Desemba, na katika koo nyingi msimu huja katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Binti akishakeketwa huhesabiwa kuwa amekua, na hapo mazungumzo ya mahari huanza. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe ndio watakaomwoza kaka yake au kuikwamua familia katika dhiki. Kwa hiyo kisu kile, ndugu msomaji, kimefungamana na zizi.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinaufanya ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha kati ya miaka 5 na 15. Wala mila haikusimama palepale. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa; utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 28. Idadi inapungua, ila kwa mwendo wa kinyonga, na binti aliye darasa la sita leo hana muda wa kumngoja kinyonga.

Na tuseme wazi, kwa kuwa wapo wanaotuhusisha: mila hii haikuletwa huko na Uislamu. Inafuatwa na watu ambao wengi wao si Waislamu, kwa sababu za ukoo na mahari. Wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, mwezi Novemba 2006, walitamka kuwa ukeketaji ni madhara kwa mwanamke na kwamba inapasa ukomeshwe. Madhara hayana hifadhi katika dini yetu.

Mlango unaofunguka akishakimbia

Msimu unapokaribia, baadhi ya mabinti hukimbia. Hutoka usiku au alfajiri, wengine peku, wakielekea kwa mwalimu, kituo cha polisi, au nyumba wanayosikia kuwa inapokea watoto. Katika Mugumu ipo Nyumba Salama inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoasisiwa na Bi. Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye mwenyewe alipitishwa katika mila hiyo akiwa binti. Shirika hilo lina nyumba nyingine Butiama. Katika Tarime kipo kituo cha Masanga, ambako watawa wa Kikatoliki wamekuwa wakiwapokea mabinti kwa makambi ya misimu hiyo tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kazi hii inastahiki kushukuriwa, na asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Binti akifika hapo, mambo mengi huanza kutendeka kwa ajili yake. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi huarifiwa. Afisa Ustawi wa Jamii huja kumhoji. Hupata kitanda, chakula, sare na daftari. Msimu ukiisha, wazazi huitwa, huzungumzwa nao, na wakikubali hutia saini ahadi ya kutomkeketa wala kumwoza, ndipo hurudishwa nyumbani. Wale ambao wazazi wao hawakubali hubaki, pengine kwa miaka, nyumba ile ikawa ndiyo kwao.

Sasa tujiulize swali la Umar. Mambo haya yote mazuri, yaani mazungumzo na wazazi, ziara ya afisa, sare, daftari na ahadi, kwa nini mengi yake yaje baada ya mtoto kukimbia gizani? Wazazi waliokubali mwezi Januari, baada ya kukaa na afisa mara mbili tatu, huenda baadhi yao wangekubali mwezi Septemba kama afisa yuleyule angefika. Lakini mwezi Septemba hapakuwa na kesi, na mahali pasipo na kesi fedha haiendi.

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani. Mjane ana binti wa miaka 12 na wavulana wawili wadogo. Ng'ombe walichukuliwa na shemeji zake baada ya msiba. Yeye mwenyewe hataki binti yake akatwe, bali ardhi anayolima ni ya ukoo, na shemeji mkubwa amekwisha kusema kuwa binti asiyekeketwa ataleta mkosi. Mama huyu hana pa kusimama. Akisema hapana atafukuzwa shambani, na akinyamaza mwanawe atakatwa. Jambo la pekee analoweza kulifanya ni kumnong'oneza binti yake akimbie. Ndipo dola na wahisani watakapomwona, wakiwa wamekwisha kuchelewa, na gharama yao itakuwa kitanda cha mwaka mzima badala ya ziara nne za afisa, msaada wa kisheria kuhusu shamba, na neno la mzee mmoja wa ukoo aliyezungumzwa naye mapema.

Kilichopo mkononi

Si haki kusema kuwa Serikali imekaa bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na katika kifungu cha 94 inaipa kila halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, maarufu kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, umeunda kamati za ulinzi kutoka taifani hadi kijijini. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF umezifikia zaidi ya kaya milioni moja nchini, na sehemu ya ruzuku yake hutegemea watoto kuhudhuria kliniki na shule. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za umma hadi kidato cha nne, na baadaye hadi cha sita. Halmashauri nazo hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tazama basi jinsi vitu hivi vilivyo karibu na yule mjane pasipo kumgusa. Ruzuku ya kaya maskini inaweza kumpunguzia njaa, nayo njaa ni mshauri mbaya wa mahari. Mkopo usio na riba unaweza kumpa ng'ombe mmoja wa maziwa. Kamati ya kijiji inaweza kumwita shemeji yake. Kilichopungua ni mtu wa kuviunganisha vitu hivi na mlango wake, na mtu huyo kwa mujibu wa sheria ni Afisa Ustawi wa Jamii. Kata nyingi bado hazina afisa huyo. Aliyepo huhudumia kata kadhaa, na mara nyingi hana mafuta ya pikipiki ya kumfikisha kwenye maboma ya mbali. Kamati iliyoundwa kwa waraka isiyokuwa na hata nauli hubaki kuwa orodha ya majina ukutani.

Kipo kipimo kizuri ambacho nchi yetu imekwisha kukijaribu. Chini ya mkataba wa lishe uliosainiwa na wakuu wa mikoa mwaka 2017, halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kina faida kubwa moja: kinahesabika. Diwani anaweza kuuliza tuna watoto wangapi, zilitengwa shilingi ngapi, zikatoka ngapi. Tunachopendekeza katika safu hii ni kwamba ulinzi wa mtoto nao upewe hesabu kama hiyo: kiasi kinachojulikana kwa kila mtoto, kitengwe kila mwaka, na sehemu kubwa itumike kabla ya mwezi Oktoba katika wilaya zenye msimu wa ukeketaji.

Na wilaya hizi mbili si fukara wa kupindukia. Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma kutokana na mauzo, na sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii. Serengeti ina watalii, na vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona hupata gawio la utalii huo. Fedha hizi hujenga madarasa na zahanati, na ni vema. Lakini darasa halimfai binti aliyeozwa Januari. Ni halali kuuliza ni sehemu gani ya dhahabu na ya tembo imewahi kumfikia mtoto kabla hajakimbia.

Wengine wamejifunza nini

Tusidhani kuwa kasoro hii ni ya wanyonge. Marekani, kwa utajiri wake wote, kwa miongo mingi iliweka sehemu kubwa ya fedha za serikali kuu kwa ajili ya malezi ya kambo, yaani kumlipia mtoto aliyekwisha kuondolewa nyumbani na kupewa walezi wengine. Familia iliyokuwa ikielekea kuvunjika ilipata kidogo; ikishavunjika, fedha ilifunguka. Mwezi Februari 2018 ilipitishwa sheria ijulikanayo kwa jina la Family First, iliyoruhusu majimbo kuitumia fedha hiyohiyo mapema: kuwatibu wazazi walionaswa na ulevi au dawa za kulevya, kuwapatia huduma ya afya ya akili, na kuwafundisha malezi nyumbani kwao, kwa muda wa hadi miezi 12. Hayo ni yaleyale ya Madina, yakaja baada ya karne kumi na nne.

Umoja wa Mataifa nao, katika miongozo yake ya malezi mbadala ya mwaka 2009, uliweka kanuni kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kuwa familia hiyo inahitaji msaada.

Lipo funzo jingine la karibu zaidi. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha miradi. Nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zilishuhudia huduma za watoto zikipungukiwa kwa amri iliyotiwa saini ng'ambo ya bahari. Taa ya kuazima haikeshi. Ulinzi wa mtoto wa Tarime ukitegemea moyo wa mtu asiyeijua Tarime, utazimika siku moyo huo utakapogeuka.

Je, tumrudishe kwenye kisu?

Hapa huja hoja nzito, nayo inastahiki jibu la uaminifu. Wapo watakaosema: mnapohubiri kuibakiza familia pamoja, mnataka binti abaki katika boma lenye kisu. Wengine wataongeza kuwa si kila anayekeketa binti yake ni maskini. Wapo wenye mazizi yaliyojaa, wanaofanya hivyo kwa heshima ya ukoo, na ruzuku haiwabadilishi.

Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana kuzuia hakumaanishi kugawa fedha tu. Kwa mjane wa mfano wetu, msaada wa kipato na wa kisheria ndio dawa. Kwa baba tajiri mwenye kushikilia mila, dawa ni kuketi na inchama mapema, wazee wakizungumza na wazee, na sheria ikijulikana kuwa iko macho. Kwa nyumba ambayo haijakubali, mtoto aondolewe bila kuchelewa, na mlango wa Nyumba Salama uwe wazi. Anayetumia maneno ya umoja wa familia ili kumnyamazisha binti anayeomba hifadhi ameyadhulumu maneno hayo.

Qur'ani Tukufu imetupa mwanga wa pande zote mbili katika Suratul Qasas. Mama yake Musa (a.s.) aliishi chini ya mtawala aliyekuwa akiwachinja watoto wa kiume. Nyumba yake haikuwa salama, na Mwenyezi Mungu akampa ilhamu ya kumtoa mwanawe na kumtia mtoni. Kumwondoa mtoto penye kisu, basi, si dhambi. Ni uokozi uliofundishwa kutoka mbinguni. Lakini kisa hakikuishia katika kasri la Firauni. Mtoto akakataa maziwa ya wanyonyeshaji wote, dada yake akaelekeza kwenye nyumba inayoweza kumlea, naye akarudishwa kwa mama yake ili jicho lake litulie. Wafasiri wanaeleza kuwa mama huyo alikuwa akipewa ujira kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Fedha ya kasri ilimfuata mtoto hadi nyumbani kwa mamaye, na ulinzi ukamfuata pia. Mpango wowote wa ustawi unaotaka kipimo, kipimo ni hicho: mtoto salama, kwa mama yake, na gharama imebebwa na wenye uwezo.

Sisi tuko wapi?

Waislamu wa Mara si wengi, lakini wapo: Musoma, Tarime mjini, Sirari, Mugumu, na katika vijiji vingi. Na wasomaji wa safu hii wako kila pembe ya nchi. Tumeona ni akina nani waliofungua milango Mugumu na Masanga. Tusione kijicho. Tujiulize tu mlango wetu uko wapi.

Kwanza, malezi. Sheria yetu inatambua malezi ya kambo, na maafisa ustawi hutunza orodha ya familia za kuaminika zinazoweza kumpokea mtoto kwa dharura, hata kwa wiki chache za msimu. Baadhi ya familia za Kiislamu husita, zikiogopa kuwa kulea mtoto wa mwingine ni kumpa nasaba isiyo yake. Hofu hiyo haina msingi. Kilichokatazwa ni kumwita mtoto kwa jina la asiyekuwa baba yake, ilhali kafala, yaani kumkimu na kumlea akibaki na nasaba yake, ni ibada ambayo Mtume (s.a.w.) ameahidi kwayo ujirani wake Peponi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unaitaja kafala kwa jina lake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua, na Kenya imeiingiza katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2022. Viongozi wetu wa Bara wana hoja nzuri ya kupeleka bungeni. Wakati tukingoja, hakuna linalozuia familia yenye nafasi kwenda kwa Afisa Ustawi na kujiandikisha. Atakayepokea binti wa dini nyingine aiheshimu dini yake na kumrudisha kama alivyokuja. Hiyo ni amana.

Pili, mali. Kamati za zaka katika misikiti yetu zimezoea kugawa nafaka na nguo mwezi wa Ramadhani. Zitenge fungu la kuzifikia kaya zenye watoto walio hatarini kabla ya likizo ya Desemba: kodi ya shamba ya mjane, sare na nauli ya binti, gharama ya mwanasheria. Kwa asiye Muislamu ipo sadaka, nayo haina mpaka wa dini. Wenye uwezo zaidi wafikirie wakfu, duka moja au shamba moja ambalo pato lake ni la watoto tu, mwaka hadi mwaka, lisilotegemea amri ya nchi ya mbali.

Tatu, sauti. Bajeti ya halmashauri huanza Julai, lakini huandaliwa miezi mingi kabla, na vijiji hutakiwa kutoa vipaumbele vyao. Maana yake ni kwamba majuma yaleyale ambayo mabinti wanakimbia ndiyo ambayo makadirio ya mwaka ujao yanapangwa. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, baba kwa mama. Muulize diwani wako mambo manne, kwa adabu, na umwombe ayajibu kwa tarakimu: halmashauri ina maafisa ustawi wangapi, na kata ngapi hazina, fungu la ulinzi wa mtoto ni kiasi gani, na mwaka uliopita kilitolewa kiasi gani, kamati ya ulinzi ya kijiji chetu ilikutana lini mara ya mwisho, na katika mikopo ya asilimia 10, ni vikundi vingapi vina kina mama wenye mabinti walio hatarini. Diwani asiye na majibu leo atayatafuta akijua ataulizwa tena.

Nne, jicho. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo. Mwalimu wa madrasa anayewaona watoto kila jioni huona mapema kuliko polisi. Binti aliyechangamka akaanza kunyamaza, aliyeanza kuuliza njia ya kwenda Mugumu au Masanga, huyo anasema kwa lugha yake. Asingojewe hadi akimbie.

Ndugu msomaji, msimu una tarehe zake na bajeti ina tarehe zake, na zote zinajulikana. Mtoto anayeweza kuokolewa akiwa angali kwenye mkeka wa mama yake hana haki ya kusubirishwa hadi afike kwenye geti la polisi akiwa na tope miguuni. Tumwombe Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uwezo wa kusikia kilio kabla ya kufikishiwa taarifa, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa watakaosimama na mayatima, wajane na mabinti kwa mali zetu na ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.